Nimechovya titani kwenye ndoo ya maji kama springi ya gari, imenitia aibu. Wataalamu njooni

Fundi wa Salfa
Wakuu salaam. Mimi si msomi wa metali. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na msimu wa salfa ukipita nafua mapanga na mashoka. Karakana iko Chikongola, Mtwara mjini. Tanuri langu ni la mkaa, na blowa nimeitoa kwenye mashine mbovu ya salfa.

Alikuja mteja kutoka Msimbati, mchokoaji pweza. Kilio chake ni kimoja: chumvi. Anachonga nondo leo, bamvua mbili tatu zikipita imeshakuwa nyekundu na ncha imelika. Nikakumbuka nina fimbo ya titani niliyoipata kwa mtu wa vyuma chakavu, aliniuzia kwa bei ya stenlesi. Mimi niliijua kwa sababu sumaku haiikamati, ukiigusisha kwenye grinda inatoa cheche nyeupe pe mpaka macho yanauma, na kichwani imegongwa muhuri Ti-6Al-4V. Unene milimita 12. Nikakata vipande viwili vya sentimita 60. Kimoja nikakipeleka kwenye mizani ya dukani kwa jirani: gramu 300 tu. Nondo ya kipimo hicho hicho inapita gramu 530.

Sasa kituko. Nikakitia kwenye mkaa nusu saa nzima mpaka kikawa rangi ya bibo la njano, nikagonga ncha, nikakirudisha motoni, halafu nikakizamisha kwenye ndoo. Kupitisha tupa, ikateleza kama inapita juu ya chupa. Nikasema moyoni nimepatia, maana kwenye chuma tupa ikiteleza kimekaza.

Nikakibana kwenye jiliwa, nikakivuta kidogo kukijaribu. Nikasikia mlio kama mtu anatafuna bisi. Kuangalia, upande uliovutwa ngozi yote imepasuka mistari midogo midogo. Nikavuta tena, ncha ikakatika. Na cha ajabu, nilipoiparua ile ngozi kwa grinda, tupa chini yake inakula kama ilivyokuwa inakula kabla sijakipasha. Nje kioo, ndani vilevile.

Nimekosea wapi? Maji? Moto? Au nimeuziwa feki? Kipande cha pili nimekificha kwanza, hakiguswi.

Kijana wa Ligula
Titani na mkaa wa mkorosho. Mkuu ungechomea na mhogo humo humo tujue moja.

Babu wa Newala
Mwanangu, usimjali huyo. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, wewe angalau umethubutu. Lakini umekosea mawili. Kwanza, bibo la njano ni moto mwingi mno. Sisi springi ya gari tunaitoa ikiwa bibo jekundu, si zaidi. Pili, maji yanavunja. Tumia oili chafu ya gari, halafu irudishe motoni kidogo ilegee mpaka ngozi iwe na rangi ya majani makavu. Nimefua hivyo zaidi ya miaka 40 na panga langu halirudi na meno.

Mtu wa Tanuri
Babu shikamoo. Kwa springi ya gari sina la kuongeza, hivyo hivyo ndivyo hata viwandani wanavyofanya, isipokuwa wao wana kipimajoto badala ya mabibo. Ila kilichompoteza fundi ni kwamba ametumia akili ya chuma kwa kitu kisicho chuma. Niruhusuni niandike kwa kirefu kidogo, hii ndiyo kazi iliyonilisha miaka mingi.

Chuma cha springi kinakaza kwa sababu ya kaboni. Ukikipasha, kaboni inajichanganya ndani ya fuwele. Ukikichovya ghafla, inakosa muda wa kutoka, inanasa, inazibana fuwele pande zote, na chuma kinakuwa kigumu hadi kuvunjika. Ndiyo maana Babu anakirudisha motoni kukilegeza.

Titani yako haina kaboni ya maana. Ule muhuri unasema ina alumini asilimia 6 na metali nyingine iitwayo vanadi asilimia 4. Titani tupu ina sura mbili: chini ya nyuzi 882 fuwele zake zimejipanga kwa namna inayoitwa alfa, juu ya hapo zinajipanga upya kuwa beta. Alumini inaipendelea alfa, vanadi inaipendelea beta. Kwa hiyo aloi yako ikiwa baridi inabeba zote mbili, alfa nyingi na beta kidogo, na inageuka kuwa beta tupu ikifika karibu nyuzi 995. Hiyo 995 ishikeni, nitairudia.

Ukiichovya kutoka kwenye joto, kinachonasa ndani ni vanadi, na atomu ya vanadi haitofautiani sana kwa ukubwa na ya titani, haizibani fuwele kama kaboni inavyofanya. Ndiyo maana titani iliyotoka tu kwenye maji haijakaza kiasi hicho. Kazi inaanza ukishaichovya: unairudisha kwenye joto dogo, nyuzi 480 hadi 595, unaiacha saa 4 hadi 8. Hapo beta inajitokeza upya ndani yake kwa vipande vidogo sana, vingi, vilivyosambaa, na hivyo ndivyo vinavyoipa nguvu. Sisi tunaita kuizeesha. Babu, ona ilivyo kinyume: kuirudisha motoni kunalegeza chuma chako, lakini titani kunaikaza.

Babu wa Newala
Marahaba. Hilo la kuzeeka ukapata nguvu sijawahi kulisikia, labda mimi niliachwa nje ya tanuri. Endelea.

Fundi wa Salfa
Kaka, umenieleza vizuri, lakini tupa je? Tupa iliteleza! Kama haikukaza, ile ilikuwa nini?

Mtu wa Tanuri
Hapo ndipo nilitaka uulize. Tupa yako ilisema kweli, ila ilikuwa inaisema ngozi.

Titani ikiwa moto inakunywa hewa. Chuma kikipata moto kinatoa magamba, unayabandua, chini kuna chuma safi. Titani nayo inatoa magamba, lakini oksijeni nyingine haiishii kwenye magamba, inazama ndani ya metali yenyewe na kukaa humo. Kuanzia nyuzi 550 hivi jambo hilo linaanza kuwa la kuhesabika, na kwenye 1000 linakimbia. Pale panapolewa oksijeni panabaki alfa tupu, ngumu kama kigae na isiyonyumbuka hata kidogo. Kwa nusu saa kwenye mkaa unaopulizwa, tabaka hilo linaweza kufika sehemu ya kumi ya milimita au zaidi. Unaona ni dogo, lakini likipasuka, kila mpasuko ni mwanzo wa ufa unaoingia ndani. Huo mlio wa bisi ndio huo.

Kwa hiyo viwandani tunaipashia kwenye tanuri la ombwe, hewa imenyonywa yote, au ndani ya gesi ya argoni. Asiye na hivyo anaacha unene wa ziada, akimaliza anakereza ngozi yote au anaitoa kwa mchanganyiko wa tindikali ya nitriki na ya hidrofloriki. Na wewe fundi usije ukaitafuta hiyo ya pili. Hidrofloriki inapita kwenye ngozi ya mtu mpaka kwenye mfupa. Haina nafasi Chikongola.

Kuna na hidrojeni. Mkaa una unyevu, hewa ya Mtwara ina unyevu, na titani ikiwa moto inang'oa hidrojeni kutoka kwenye mvuke. Kiwango kinachoruhusiwa ni asilimia 0.015 tu, ikizidi metali inakuwa kama biskuti. Nafuu yake ni kwamba hidrojeni inatoka ukiipasha upya kwenye ombwe. Oksijeni haitoki.

Sasa nijibu moja. Pale ncha ilipokatikia, pakoje? Vumbi la kijivu, au panametameta?

Fundi wa Salfa
Panametameta. Vipande vipande kama chumvi ya mawe.

Mtu wa Tanuri
Basi ulivuka 995. Chini kidogo ya hapo, tuseme 955, alfa kidogo inabaki katikati ya beta na kuizuia isinenepe. Ndiyo maana ukitaka kuizeesha unaipasha kwenye 955 hadi 970 kwa saa moja na kuichovya majini upesi, ndani ya sekunde chache. Ukivuka 995, yule mlinzi anaondoka, na chembe za beta zinamezana mpaka unaziona kwa macho.

Babu atakuuliza, si tuipashe upya chembe zirudi ndogo? Chuma kinakubali hivyo, titani inakataa. Joto peke yake haliwezi kuzirudisha. Lazima uifue kwa nyundo au mashine ikiwa chini ya ule mpaka, zivunjike, halafu ndiyo uipumzishe kwa moto. Kipande chako cha kwanza kimekwenda.

Shabiki wa Ndege
Mtaalamu, nimesoma sehemu kwamba kuna watu wanaipasha juu ya mpaka kwa makusudi. Sasa nani mkweli?

Mtu wa Tanuri
Wote wakweli, inategemea unaogopa nini. Ukiipasha juu ya mpaka na kuipoza taratibu, ndani panakuwa kama mkeka, vipande virefu vya alfa vimelala kwa makundi yenye mielekeo tofauti. Ufa ukiingia hauwezi kwenda moja kwa moja, unapinda kila unapogonga kundi jipya, na hiyo inauchosha. Ustahimilivu wa ufa unaweza kukaribia mara mbili ya ule wa fimbo ya kawaida. Lakini kunyumbuka kunapungua, na ufa mpya unazaliwa mapema kama kitu kinatikiswa mara mamilioni. Kwa hiyo kipande kikubwa cha fremu ya ndege, unachokubali kwamba siku moja kitakuwa na ufa na unataka ukue polepole, wanaweza kukifanyia hivyo. Blade ya feni ya injini hapana.

Na msifikiri kuizeesha ni dawa ya kila kitu. Fimbo inayotoka kiwandani imepumzishwa tu kwenye nyuzi 730 hivi kwa saa kama mbili na kupozwa hewani. Hiyo inabeba karibu megapaskali 950 (kipimo cha nguvu ya kuvutwa) kabla ya kukatika, na ukiivuta inarefuka kama asilimia 14. Ukiichovya na kuizeesha inafika 1100 na kitu, lakini kurefuka kunashuka kwenye 10. Umelipa tanuri, maji na saa nane, umepata nguvu za robo hivi au chini ya hapo. Tena ni kwa vitu vyembamba. Joto linapita ndani ya titani kwa shida, mara saba chini ya chuma cha kawaida, kwa hiyo kitu kikizidi unene wa milimita 25, moyo wake hausikii maji upesi na faida inapotea. Wanaotaka vipande vinene vyenye nguvu wanatumia aloi za upande wa beta, kama ile yenye vanadi 10, chuma 2 na alumini 3 iliyotumika kwenye miguu ya kutua ya ndege ya Boeing 777. Nyingi ya Ti-6Al-4V inayoruka angani, kwa taarifa yenu, imepumzishwa tu.

Mchumi wa Korido
Nachomekea hapo. Vanadi na titani mnazozisema tunazo zote mbili Liganga kule Ludewa, ndani ya mwamba mmoja na chuma. Na reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imepangwa iwe na tawi la kwenda huko. Siku reli ikifika, fundi hutahangaika na vyuma chakavu, titani itashuka bandarini hapo chini.

Mtu wa Tanuri
Mchumi, usilewe mapema. Titani iliyo kwenye mwamba imeshikana na oksijeni, na mmeona wenyewe hapo juu jinsi oksijeni ikishaingia haitoki. Ndiyo maana ilijulikana mwaka 1791, mchungaji mmoja Mwingereza, William Gregor, aliipata kwenye mchanga mweusi wa Cornwall, lakini watu walisubiri hadi miaka ya 1930 na 1940 ndipo Wilhelm Kroll akapata njia ya kuitoa inayolipa. Unaigeuza kwanza iwe kloridi, kisha unaipokonya klorini kwa magnesi ndani ya chombo kisicho na hewa. Mchanga mwingi wa titani unaochimbwa duniani, ukiwemo wa majirani zetu wa Moma kule Msumbiji, mwisho wake ni rangi nyeupe. Umeipaka ukutani kwako.

Muuguzi Nachingwea
Samahanini, naingilia mambo ya wanaume wa nyundo. Sisi tunapokea vyuma vya kuungia mifupa, vingine ni titani, na tunavichemsha kwa mvuke nyuzi 134 kabla ya upasuaji. Wakati mwingine kimoja kinachemshwa mara nyingi bila kutumika. Je, hatuvizeeshi bila kujua?

Mtu wa Tanuri
Dada, swali zuri kuliko yote humu, na hakuna mwanaume wa nyundo aliyeliuliza. Jibu ni hapana. Kwenye 134 vanadi haiwezi kutembea ndani ya fuwele, inahitaji zaidi ya mara tatu ya joto hilo. Mtachemsha mpaka mchoke, ndani hapabadiliki.

Kinachoharibu kile chuma ni kukipinda, kukinyoosha na kukipinda tena ili kikae kwenye mfupa. Kipinde mara moja, upande mmoja. Na ile ya mwilini mara nyingi ni ndugu wa hii ya fundi, ila oksijeni imepunguzwa kutoka asilimia 0.20 hadi 0.13, ili inyumbuke zaidi. Mnaona tofauti ndogo ilivyo? Fundi yeye kaiongezea kwa blowa.

Halafu kuna kitu moto hauwezi kukigusa kabisa: jinsi metali inavyokubali kupinda na kurudi. Iwe imepumzishwa au imezeeshwa, titani hii inakaa kwenye gigapaskali 114 hivi (hicho ni kipimo cha ukaidi wa kupinda), chuma ni 200. Mfupa uko chini sana, kati ya 10 na 30. Ndiyo sababu madaktari wanaipenda, haiubebei mfupa kazi yote.

Muuguzi Nachingwea
Asante kaka. La kupinda na kunyoosha nitalifikisha mezani, wapo wanaohusika.

Shabiki wa Ndege
Kwa kuwa mmetaja hewa na uchafu, kisa cha SR-71, ile ndege nyeusi ya kijasusi ya Marekani, iliyoruka kwanza Desemba 1964. Mwili wake ni titani karibu wote. Walipokuwa wanaijenga huko Burbank, California, paneli za mabawa zilizochomelewa kiangazi zilikuwa zinaharibika mapema, zilizochomelewa majira ya baridi zinadumu. Wakahangaika wee. Kumbe kiangazi mamlaka ya maji ya mji ilikuwa inazidisha klorini kuua mwani, na wao walikuwa wanaoshea titani kwa maji hayo ya bomba. Wakahamia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji. Tena waligundua spana zilizopakwa kadimi zinaharibu boliti za titani, wakazikusanya na kuzitupa.

Mtu wa Tanuri
Kweli kabisa, na ni somo kwa mtu wa pwani. Titani ikiwa baridi ndani ya bahari haisikii chumvi, ndiyo maana inawekwa kwenye mabomba ya kupozea kwa maji ya bahari. Lakini chumvi ikaukie juu yake, halafu ipate moto kama wa nyuzi 300 ikiwa imebanwa, inaweza kupasuka. Alama ya kidole chenye jasho inatosha. Kabla ya kuingiza kitu tanurini tunavaa glovu safi, kama tunamvalisha bibi harusi.

Fundi wa Salfa
Sasa mimi mwenye kipande kimoja, mkaa na mikono ya salfa nifanyeje?

Mtu wa Tanuri
Usikipashe. Kimeshapikwa kiwandani na watu wenye tanuri zuri kuliko langu. Nondo yako haifiki hata megapaskali 700, hicho kina zaidi ya 900 kikiwa kimelala hapo. Kichonge kikiwa baridi. Grinda polepole, kiguse, kiachie, kichovye majini kipoe, maana joto halitoki upesi na ncha itakugeukia bluu. Ikiwa rangi ya majani makavu siyo mbaya, ing'arishe iondoke. Ikiwa bluu iliyokolea au kijivu, kata hapo uanze upya. Vumbi lake lisirundikane chini ya grinda, linashika moto. Likishika, usimwagie maji, mwagia mchanga mkavu, nasema mkavu.

Na mteja umwambie ukweli kuhusu makali. Kwenye kipimo cha ugumu kinachoitwa Rockwell C hii iko 36 hivi, hata ningeizeesha mimi ingeishia kwenye 40. Springi ya Babu iliyokazwa inapita 45, kisu kizuri kinafika 58. Kuchokoa pweza itachokoa. Kukata nazi aende Newala.

Babu wa Newala
Aje na springi yake, na korosho kidogo.

Kijana wa Ligula
Fundi, kile kilichokatika usikitupe, niuzie mimi nimtengenezee demu pete.

Fundi wa Salfa
Mrejesho, wakuu, ni miezi mitatu sasa. Kipande cha pili nilikichonga baridi kama nilivyoelekezwa, asubuhi mbili nzima, diski nne zimekwenda. Babu, tupa inakila lakini kwa kinyongo, na vumbi linang'ang'ania meno.

Mteja kakitumia bamvua zote za mwezi wa kwanza na wa pili. Akakileta nikione: hakina hata doa, ncha ile ile, sehemu ya kushikia tu imesuguka imekuwa ya fedha. Ana furaha, kawaambia wenzake, wawili wameshakuja kuniulizia.

Juzi kanipigia simu. Pweza mkubwa kakishika ndani ya pango la mwamba, wakavutana, maji yakawa yameanza kujaa, akaachia akimbilie mtumbwini. Kesho yake maji yalipokupwa akarudi na sumaku ya spika amefunga kwenye kamba, kaburuza mwamba mzima kuanzia asubuhi mpaka maji yaliporudi. Ananiuliza mbona sumaku imeokota ndoana tisa na nati moja, fimbo hakuna.

Sijamjibu bado. Mtu wa Tanuri, wewe ndiye uliyesema nimwambie ukweli, nikupe namba yake?